Uzito Juu ya Sindano

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, na lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Ukikaa upande wa tofali kahawa ikakumwagikia, usilalamike, maana umeshaonywa. Hapo tunakutana kila asubuhi watu wanne wenye muda mwingi na kazi chache. Mimi naitwa Soli kwa sababu nashona viatu. Anayekaa kulia kwangu ni Kipara, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye kichwani mwake hamna hata unywele mmoja wa kujifunzia kazi. Yeye ndiye mpika kahawa. Anayefuata ni Wakili. Sheria hajaisoma hata siku moja: alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, akastaafu na ufunguo wa kabati la mafaili ambao hakuna aliyeukumbuka, pamoja na tabia ya kupinga kila neno. Wa nne ni Daktari, fundi redio. Tulimpa jina hilo kwa sababu wagonjwa wake wengi hawarudi nyumbani. Zamani mzaha huu ulinichekesha.

Dirisha linalotazamana nasi ni la Burashi, mpaka rangi mstaafu. Sebuleni kwake ana radiogramu, lile kabati refu la mbao lenye redio upande mmoja, santuri upande mwingine, na spika mbili chini. Marehemu mkewe, shemeji yetu, aliimba katika kwaya ya kiwanda cha kushona nguo, na kwaya ile ilitoa sahani moja tu ya santuri kabla kiwanda hakijafungwa. Upande wa pili, wimbo wa pili, kuna ubeti anaouimba peke yake. Kabla hajaanza unasikia anavuta pumzi. Tangu tumzike ni miaka minne, na kila siku saa nne asubuhi dirisha lile lilifunguliwa, shemeji akavuta pumzi, akaimba, na sisi tukanyamaza, hata Wakili.

Mwezi uliopita Burashi aliona sauti ya spika ya kushoto iko chini kidogo kuliko ya kulia. Jambo dogo tu. Akamwita Daktari. Daktari akasema kichwa, yaani kile kidude kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono wa santuri, kimekufa upande mmoja. Akakitoa, akakitupa, akafunga kingine cha kisasa alichokitoa kwenye mashine mpya iliyovunjika kifuniko. Sasa spika zikawa sawa kabisa: zote mbili zikanong'ona.

Jumatatu Burashi akatoka nje na kitambaa cha vumbi begani, akasimama mbele yetu bila hata kuomba kikombe.

Burashi: Jamani, simsikii.

Kipara: Nani?

Burashi: Mama watoto. Nimefungua sauti mpaka mwisho, kitasa hakiendi tena. Anaimba kama yuko nyumba ya tatu. Na ile pumzi yake haipo kabisa.

Mimi: Na redio?

Burashi: Redio ukiifungua hivyo inatingisha vikombe. Jana msoma habari karibu aniangushe kitini.

Wakili: Basi kesi imekwisha. Redio na santuri wanakaa kabati moja, wanakula umeme sinia moja. Redio ana mdomo mkubwa, ananawa wa kwanza. Santuri anakuta ukoko.

Daktari: Umeme hauliwi hivyo, bwana.

Wakili: Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini.

Daktari: Ukibeba bahasha.

Kipara: Tatizo ni masikio. Burashi, masikioni mwako mna msitu, nauona tangu mwaka juzi. Njoo nikufyeke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakili: Methali hiyo haihusu nywele.

Kipara: Inahusu kusikia. Soma tena.

Burashi: Masikio yangu mazima. Mbona nyinyi nawasikia, na sitaki? Daktari, ndugu yangu, si labda ni kile kichwa ulichonifungia?

Daktari aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyetukaniwa mama yake akaamua kusamehe.

Daktari: Kichwa kile? Kile ni cha kisasa. Chepesi, hakikwaruzi, kina sindano ya hali ya juu. Huko duniani watu wanakitafuta kwa tochi. Kipya kinyemi!

Wakili: Ingawa kidonda.

Tukacheka wote. Burashi naye akacheka. Jibu lilikuwa limepita mbele yetu, limetusalimia kwa jina, na sisi tukacheka mpaka Kipara akamwaga kahawa. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi.

Daktari: Ni vumbi tu. Sahani imekula vumbi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu.

Burashi: Nimefuta mara tatu.

Na hapo nikafungua mdomo mimi. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu pale benchini sijawahi kulisema. Aliyeanza ni mimi.

Mimi: Burashi, ulisema mkono wa santuri siku hizi ni mwepesi?

Burashi: Kama unyoya. Daktari ameulegeza.

Mimi: Ndiyo hiyo! Mtu mwepesi akipita njiani humsikii. Askari akipita na buti unasikia toka mbali. Kwa nini? Anakanyaga. Sindano yako haikanyagi, bwana. Ipe uzito.

Kipara: Soli leo kaamka na akili.

Wakili: Napinga... ila hoja ina miguu.

Mimi: Si miguu tu, ina viatu pia.

Nikachakura kwenye kopo langu nikamtolea kichuma cha kisigino, vile vidogo vinavyopigwa chini ya viatu ili visilike upande. Nikampa na mpira wa kukifungia. Nilijisikia vizuri siku ile, kama mtu aliyetoa sadaka. Daktari alikitazama kile kichuma kikiingia mfukoni mwa Burashi. Nilimwona akifungua mdomo, halafu akaujaza kahawa.

Kwa dirisha tulisikia sahani ikiwekwa. Burashi hakupiga wimbo kuanzia mwanzo. Aliushusha mkono palepale kwenye ubeti wa mkewe. Akarudia. Akarudia tena. Asubuhi nzima alirudia pale tu.

Jumatano akarudi. Hakuwa amenyoa ndevu, na yeye ni mtu anayenyoa hata akiwa na homa.

Kipara: Enhe, imepanda?

Burashi: Imepanda. Nadhani imepanda. Nikiweka sikio kwenye kitambaa cha spika, nikaziba sikio la pili, namsikia.

Mimi: Si nilikwambia!

Burashi: Ila ile pumzi bado.

Kipara: Basi ongeza. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakili: Bandu bandu huisha gogo.

Kipara: Vilevile!

Wakili: Nakuunga mkono, ndiyo maana nimesema.

Ikabidi Kipara naye awe na mchango, maana hakutaka mimi peke yangu niitwe mganga. Akaingia kibandani kwake, tukasikia spana ikilia, akatoka na nati nene aliyoifungua chini ya kiti chake cha kunyolea.

Mimi: Na wateja wako?

Kipara: Watakaa. Kiti kitainama kidogo tu. Kichwa kikiinama unakinyoa vizuri zaidi.

Burashi: Daktari, hii nati haitaumiza sahani?

Hapo sote tukamgeukia Daktari. Yeye ndiye mwenye kazi yake. Mimi mshona viatu naweza kusema upuuzi juu ya santuri na mbingu isianguke, lakini yeye anajua uzito wa mkono unavyopimwa, anajua sindano ile ni ya kukanyaga kwa adabu. Na nina hakika alijua. Lakini kusema uzito ni kosa ni kurudi kwenye swali la kwanza, na swali la kwanza lilikuwa kile kichwa alichokifunga yeye kwa mikono yake.

Daktari: Vichwa vya kisasa... vinavumilia.

Burashi: Una hakika?

Daktari: Mzee mwenzangu, mimi nimewahi kukufundisha kupaka rangi? Kila mtu na kazi yake.

Burashi akaridhika. Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo alivyosema Kipara akimjazia kikombe, na hakuna aliyemkatalia.

Lakini Wakili alikuwa hajatoa nadharia ya siku. Akajikohoza.

Wakili: Mimi nimewaza jambo usiku kucha. Ile ni sauti ya marehemu, sivyo?

Kipara: Ehe.

Wakili: Na marehemu anasafiri. Mwaka wa kwanza yuko karibu, unamsikia vizuri. Mwaka wa pili amesogea. Leo ni mwaka wa nne. Mnategemea asikike kama alivyokuwa? Sauti haijapungua, jamani. Mwenyewe ameenda mbali.

Kipara aliangalia chini. Mimi nilichukua kiatu cha mtu nikaanza kukishona pasipochanika. Burashi alisimama palepale, nati mkononi, na macho yake yakajaa mbele ya wanaume watatu na kinyozi mpiga soga.

Burashi: Hata pumzi? Pumzi nayo imeenda? Mimi sitaki wimbo mzima, Wakili. Nataka ile pumzi tu. Miaka thelathini na sita nililala nikiisikia upande wangu wa kushoto. Ningejua inaondoka, nisingeijali ile spika. Ningemsikiliza kwa upande mmoja tu, ungenitosha.

Wakili aliona alichokifanya. Ni mtu wa maneno mengi, lakini si mtu mbaya. Akaingiza mkono ndani ya shati, akavua ule ufunguo wa kabati la mahakama anaouvaa shingoni kama nishani. Ufunguo mkubwa, wa chuma, mzito. Hajawahi kumshikisha mtu.

Wakili: Shika. Weka na huu. Umefungua mambo mazito kuliko hayo.

Burashi aliupokea kwa mikono miwili. Akaenda. Tukasikia mkono wa santuri ukishuka, kishindo kidogo, halafu mkwaruzo, halafu kimya cha mtu aliyeweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Alhamisi alirudia ubeti ule kutwa nzima. Ijumaa vilevile. Tulimsikia akiurudisha mkono nyuma, akiushusha, akiurudisha. Tukaambiana kwamba angalau mzee wetu amepata shughuli.

Jumamosi asubuhi mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi na begi dogo. Tulichelewa kumtambua. Ni binti wa Burashi, yule anayefundisha shule mji mwingine. Mara ya mwisho tulimwona msibani.

Binti: Shikamooni, baba wadogo.

Tukaitikia kwa pamoja, na Kipara akampisha upande usio na tofali. Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile methali ikakaa mahali pake. Au ndivyo tulivyodhani.

Binti: Baba amenipigia simu analia. Baba yangu hajawahi kulia kwenye simu. Anasema hamsikii mama.

Wakili: Ni jambo lenye sura nyingi, mwanangu. Tumelichunguza.

Binti: Nimemuuliza fundi mmoja mzee kule kwetu. Sikumaliza hata kumweleza. Akaniuliza, redio inasikika vizuri? Nikamwambia sana. Akasema basi spika nzima, umeme mzima, ni kichwa tu. Makabati yale ya zamani yalitengenezwa kwa vichwa vya zamani, vinavyotoa sauti kubwa vyenyewe. Kichwa cha kisasa kinatoa sauti ndogo mno; kinahitaji chombo kingine katikati cha kuikuza, na ndani ya kabati la baba chombo hicho hakimo. Basi.

Daktari alikuwa akisoma maandishi ya kiberiti.

Daktari: Na mimi nilikuwa naelekea hukohuko.

Binti: Sikulaumu, baba mdogo. Fundi akanitafutia kichwa cha zamani, hiki hapa, kidogo kama jino la mtoto. Amenionyesha jinsi ya kukifunga. Akasema kitu kimoja kizuri: sahani haina kosa lolote. Sauti ya mama imo yote, haijapungua hata kidogo. Mradi tu isiguswe.

Kipara: Isiguswe vipi?

Binti: Akasema watu wengine wakiona sauti iko chini wanaweka vitu vizito juu ya mkono, na hapo ndipo wanapoiua sahani. Nikamwambia baba yangu hawezi kubuni jambo kama hilo.

Akatabasamu, akavuka njia, akaingia ndani.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kipara alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

Kipara: Siku tano si nyingi.

Wakili: Chuma cha kisigino ni chepesi. Mtu anavaa, anatembea.

Mimi: Na ufunguo?

Wakili: Ufunguo wangu ni wa serikali. Una adabu.

Kipara: Daktari, sema kitu. Sahani ni ngumu, sivyo?

Daktari: Ni ngumu.

Kipara: Sindano haiwezi kuilima.

Daktari: Kipara, naomba uninyamazie.

Tukakaa. Kupitia dirishani tulisikia bisibisi ikigongwa mezani, sauti ya binti, sauti ya Burashi ikiuliza jambo kwa haraka haraka kama ya mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Kisha, bila onyo, kwaya ya kiwanda ikalipuka barabarani. Kubwa! Safi! Sauti za wanawake thelathini zikapita juu ya benchi letu, na mpita njia akageuka kutazama. Kipara alirukia bega langu. Wakili alisimama kabisa, akavua kofia. Daktari alifumba macho kama anayeshukuru.

Kipara: Imepona! Jamani, imepona!

Mimi: Sikilizeni, wimbo wa kwanza unaisha. Wake unafuata.

Wimbo wa pili ukaanza. Kiitikio kikaja kizima, kila neno mahali pake. Kwaya ikashuka chini, kama inavyoshuka kila mara, kumpisha shemeji. Tulijua pale ndipo pumzi inapokuja. Nami nilibana yangu.

Ilikuja kelele. Kra, kra, kra, kama mtu anakwangua sufuria iliyoungua, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ya nguvu, kwa spika zote mbili, kushoto na kulia sawasawa. Chini ya mkwaruzo ule kulikuwa na kitu, labda neno, labda nusu ya neno. Halafu ubeti ukaisha na kwaya ikarudi, safi kabisa, nzima kabisa, mpaka mwisho wa wimbo. Sahani yote ilikuwa nzima isipokuwa pale. Kwingine hakuwahi kupagusa. Uzito wetu wote aliuweka palepale alipompenda.

Sikumsikia Burashi akilia. Ningependa kusema nilimsikia. Nilisikia kitasa cha redio kikizungushwa, na msoma habari akaanza kutangaza bei za mazao kwa sauti iliyotingisha vikombe mpaka nje.

Binti akatoka. Hakutuamkia mara hii. Aliinama, akasogeza vikombe kwa mgongo wa mkono, akaweka vitu vitatu juu ya benchi, kimoja kimoja, baada ya kuvifungua mpira: kichuma cha kisigino, nati, na ufunguo. Macho yake yalikuwa makavu. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia kitu kilichookotwa darasani.

Binti: Hivi ni vya nani?

Kuuliza si ujinga, husema Wakili kila siku ya Mungu. Wakili alikuwa anatazama barabara. Shingoni kwake palikuwa na mstari mweupe pale kamba ya ufunguo ilipokaa miaka yote ile. Kipara alikuwa anatikisa birika, akitafuta kahawa ndani yake, na kahawa ilikuwa imekwisha. Daktari, ambaye hakuwa na kitu chake pale juu, ndiye aliyetokwa na jasho kuliko sote. Mimi nilishika kiatu cha mtu, nikakigeuza, nikakigeuza tena. Neno lilikuwa moja tu, "changu". Sikulisema.

Alisubiri. Alisubiri kwa muda mrefu, kama mwalimu. Kisha akarudi ndani akafunga dirisha.

Vitu vile bado viko benchini. Asubuhi tunakuja, tunakaa kwa kuvikwepa, na akija mgeni akaviulizia tunamwambia vilikutwa hapo. Ile nati inatosha kabisa kukinyoosha kiti cha Kipara, naye anaiona kila siku, hatua sita kutoka mlangoni kwake. Hajaichukua. Wateja wake wananyolewa wakiwa wameinama upande mmoja.